Injini ya D4: zuia masizi ya vali kabla hayajaganda

Kaka mmoja aliniletea Noah yake ya 2003 hapa gereji, Tandika. Asubuhi ikiwashwa inatetemeka, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, mlimani haina nguvu. Alikuwa ameshamwaga chupa tano za dawa ya injekta kwenye tangi. Niliumia, maana dawa ile haifiki kabisa panapougua.

Fungua boneti. Kava likiwa na alama ya D-4, injekta zako zinapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Brevis ndivyo ilivyo, na Mark X ya 2.5 pia. Kwenye injini za kawaida petroli hupita juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Kwenye D4 panapita hewa tu, pamoja na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini. Mvuke huo ukigusa vali ya moto unaungua na kuganda, tabaka juu ya tabaka. (D-4S ina injekta za aina zote mbili, kwa hiyo vali zake huoshwa.)

Basi linda oili. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, sinthetiki halisi, kwa namba ya uzito iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usijaze kupita alama ya juu ya kijiti: oili ikizidi, mvuke nao unazidi. Kisha chomoa kivali cha PCV, kile kinachopitisha mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini, ukitikise sikioni. Kisipolia kimenata, nunua kipya. Ni kitu kidogo sana, na mafundi wengi hawakigusi mpaka gari linauzwa.

Gari la kupeleka watoto shule na kurudi halipati moto wa kutosha. Wikiendi liendeshe mpaka Kibaha, ili maji na petroli vilivyoingia kwenye oili vikauke. Masizi yaliyokwisha kuganda hayatatoka kwa safari hiyo.

Hayo hutolewa kwa mkono. Fungua manifodi ya kuingizia hewa, zungusha injini mpaka vali za silinda unayosafisha zifunge kabisa, lowesha kwa dawa ya kaboni, sugua kwa brashi ya nailoni, nyonya uchafu wote. Bisibisi usiiguse. Na gasketi ya manifodi weka mpya. Ya zamani ikivuta hewa, mtetemo unarudi siku hiyohiyo, utadhani hukusafisha.