Manjano na upasuaji wa kongosho: nyongo itolewe kwanza au isitolewe?

Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye kichwa cha kongosho akija na macho ya njano, mkojo mweusi na choo cheupe, wengi wetu tunakimbilia kuweka stenti (mrija wa kufungua njia iliyozibwa na uvimbe, ili majimaji ya nyongo yatoke) siku hiyohiyo. Subiri kidogo.

1. CT kwanza. Stenti ikishaingia huharibu picha, na kongosho likivimba baada ya ERCP (kuweka stenti kwa kamera inayopitishwa mdomoni) utabaki kubahatisha kama uvimbe umegusa mishipa mikubwa ya damu.

2. Amua kama kuna haja. Hapa ndipo penye kazi. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2010 ulichukua wagonjwa 202 wenye bilirubini (rangi ya njano inayopanda damuni nyongo ikiziba) ya 40 hadi 250 (maikromoli kwa lita). Waliopasuliwa ndani ya wiki moja, 39% walipata matatizo makubwa. Waliotolewa nyongo kwanza, wakasubiri wiki 4 hadi 6, walikuwa 74%. Mrija huwafungulia njia bakteria wa utumbo wapande hadi kwenye nyongo. Ni kweli, stenti zile zilikuwa za plastiki, na za chuma hupunguza matatizo. Hata hivyo, anayeweza kupasuliwa wiki hii, mpasue.

Toa nyongo ikiwa ana homa na kutetemeka, bilirubini imepita 250, ataanza kemotherapi kabla ya upasuaji, au muwasho haumpi usingizi. Na foleni ya thieta. Kwetu mara nyingi hiyo ndiyo inayoamua, tupende tusipende.

3. Pima INR (kipimo cha kuganda kwa damu). Nyongo isipofika utumboni, vitamini K ya chakula, inayosaidia damu kuganda, haifyonzwi. Mpe ya sindano.

4. ERCP. Kama hakuna sababu ya kumnyima dawa hizi, mpe diklofenaki au indomethasini mg 100 kwa njia ya haja kubwa, kukinga kongosho lisivimbe. Chagua stenti fupi ya chuma inayojitanua, kipenyo mm 10, na ncha yake ya juu iwe mbali na maungio ya mifereji ya ini. Mpasuaji anahitaji mahali pa kukata na kushona. Ya plastiki ni nafuu, ila huziba mapema. ERCP ikishindikana, pitia kwenye ngozi na ini.

5. Fuatilia. Rudia bilirubini. Homa ikirudi au manjano yakipanda, hesabu kwamba stenti imeziba: anza antibiotiki na uifungue upya, usimrudishe nyumbani na vidonge. Siku ya upasuaji, chukua nyongo ya kuotesha bakteria maabara, na mwambie mapema mtu wa usingizi kwamba mgonjwa ana stenti, kwa sababu antibiotiki ya kinga ya kawaida huenda isitoshe.