Kujaza "mwaka wa masomo" kwenye fomu

Steshenari yangu iko Nyegezi, Mwanza, karibu na stendi, kwa hiyo fomu za shule na za chuo napiga chapa kutwa nzima. Kabla hujanipa kalamu au fleshi, jua kwanza fomu ni ya ngazi gani.

Shule ya msingi na Kidato cha Kwanza hadi cha Nne: andika mwaka mmoja tu, 2026. Masomo yanaanza Januari na kuisha Desemba, mihula miwili. Ukiandika 2026/2027, utaonekana umevuka darasa zima.

Chuo kikuu: andika miwili, 2025/2026, kwa sababu wanafunzi wanaingia Oktoba au Novemba na kumaliza mwaka unaofuata. Wa SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) pale Malimbe wanaokuja Machi bado wako 2025/2026, hata kama kalenda ya ukutani inasema 2026.

Kidato cha Tano ndicho kinachosumbua wazazi. Mtoto anaripoti Julai, na mtihani wa Kidato cha Sita anaufanya Mei. Aliyeanza Julai 2025 atahitimu 2027, wala si 2026.

Kuna mtego mwingine: mwaka wa fedha wa serikali nao huandikwa 2025/2026, lakini unaanza Julai 1. Ukiwa na barua ya kuomba ada halmashauri, soma vizuri wanataka upi.

Na "mwaka wa pili" ni ngazi yako, dada. Hiyo ina kisanduku chake chini, usiichanganye.