Kabla hujalipia injini adimu ya V8 ya Kimarekani: mambo ya kuzingatia

Chukua Chevrolet Chevelle SS mbili za mwaka 1970, rangi moja, mistari ile ile juu ya boneti, viti vile vile. Moja ina injini ya 396, nyingine ina LS6. Kwa macho ya mpita njia ni mapacha, lakini sokoni moja inauzwa mara kadhaa ya nyingine. LS6 ni V8 ya inchi za ujazo 454, karibu lita 7.4, ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 450. Hesabu inayokubalika na wengi ni kwamba zilitoka 4,475 tu, pamoja na zile zilizofungwa kwenye El Camino. Bloku za 454 za kawaida, kwa upande mwingine, hazijaadimika, na fundi anayejua kusawazisha chuma na kugonga namba upya anaweza kulipandisha bei gari la kawaida kwa kazi isiyomchukua muda mrefu. Na zawadi ya udanganyifu ni kubwa: Juni 2014, Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 ya kukunja paa (Hemi ni V8 ya Chrysler ya inchi za ujazo 426) iliuzwa kwa dola milioni 3.5 kwenye mnada wa Mecum huko Seattle.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukaguzi wa magari haya ya misuli (muscle cars, yaani magari ya Kimarekani yenye injini kubwa) ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 unaanzia nyumbani, ukiwa na karatasi na kalamu. Ukishasimama mbele ya gari lenyewe, injini inanguruma na muuzaji anakusimulia historia, kichwa hakitulii.

Jambo la kwanza ni kumwomba muuzaji namba kamili ya chesisi kabla hujatoa nauli. Kwa magari ya Chrysler na Ford, namba hiyo peke yake inaweza kuimaliza safari. Chrysler waliweka aina ya injini kwenye nafasi ya tano. Namba inayoanza na BS23R0B inasomeka hivi: B ni Barracuda, S ni daraja maalumu, 23 ni milango miwili yenye paa gumu, R ni Hemi ya 426, 0 ni mwaka 1970, na B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Ukikuta N mahali pa R, gari hilo lilitoka kiwandani na 383, na Hemi iliyomo leo imeletwa baadaye, hata kama kila kitu kinang'aa.

Hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Herufi hazikubaki na maana moja miaka yote. J ilikuwa Hemi kuanzia 1967 hadi 1969, lakini mwaka 1970 J ile ile ikawa 340 yenye kabureta tatu, na Hemi ikahamia R. Mtu aliyekariri herufi bila mwaka anaweza kulipia Hemi akachukua 340. Kwa hiyo nakili jedwali la mwaka husika tu, usibebe la mwaka mwingine.

Ford nao wanaweka herufi ya injini nafasi ya tano. Kwenye Mustang ya 1969 au 1970, Z ni Boss 429, G ni Boss 302, na Q na R ni 428 Cobra Jet. Boss 429 ina ushahidi mwingine wa ziada, kwa sababu injini ilikuwa pana mno kwa Mustang ya kawaida. Magari hayo yalipelekwa kwenye karakana ya Kar Kraft huko Brighton, Michigan, sehemu ya mbele ikapanuliwa ili injini iingie, na kila gari likabandikwa mlangoni, upande wa dereva, kibandiko chenye namba inayoanza na KK. Zilitoka 859 mwaka 1969 na 499 mwaka 1970. Kwa Ford za kuanzia 1967, agiza pia ripoti ya Marti, inayotolewa kutoka kwenye kumbukumbu za uzalishaji za Ford zenyewe. Gharama yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na hasara inayokukinga nayo, na sioni sababu ya mtu kwenda kuangalia Cobra Jet bila kuwa nayo mkononi.

General Motors (Chevrolet na Pontiac) ndio kazi. Kabla ya 1972, namba ya chesisi ya Chevrolet haikukwambia zaidi ya kwamba gari lilitoka na V8 au na silinda sita. LS6, 396 na hata 307 ya mtu wa kawaida zote ni V8 tu. Kwa Pontiac kuna pa kukimbilia, maana Pontiac Historic Services wanazo kumbukumbu za kiwanda na watakuambia gari lilitoka na injini gani. Chevrolet zilizouzwa Kanada nazo zina kumbukumbu zake, ambazo zimehifadhiwa. Chevrolet iliyouzwa Marekani, mara nyingi utategemea karatasi iliyosafiri na gari lenyewe: ile karatasi ya maagizo ya kiwandani ambayo wafanyakazi waliiacha juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za viti, au kile kibati kidogo cha dhamana kiitwacho Protect-O-Plate, kilichokuwa ndani ya kijitabu cha mmiliki. Vyote viwili vinaghushiwa. Karatasi iliyokaa juu ya tangi kwa miaka hamsini huwa na madoa ya kutu yanayofuata mikunjo yake, pembe zimelika, wino umefifia bila usawa. Karatasi yenye umanjano uliosambaa sawasawa kama imechovywa kwenye chai, itilie shaka.

Sasa tengeneza kalenda ya gari. Hili ndilo jambo ambalo ningemwomba kila mnunuzi alifanye hata akiacha mengine yote, kwa sababu mghushi anaweza kupata herufi sahihi lakini tarehe zikamsaliti. Injini ya Chevrolet ina tarehe mbili, na gari lina ya tatu. Tarehe ya kwanza ilitoka pamoja na chuma kwenye kalibu, kwenye bloku yenyewe: herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. B 4 0 ni tarehe 4 Februari 1970. Ya pili iligongwa injini ilipokamilika. T0212CRV maana yake ni kiwanda cha Tonawanda, New York, tarehe 12 Februari, na CRV ni LS6 ya gia za mkono (ya otomatiki ni CRR). Ya tatu iko kwenye kibati cha bodi: 03A ni wiki ya kwanza ya Machi. Chuma kimemiminwa, injini ikaunganishwa siku nane baadaye, bodi ikafuata baada ya wiki mbili au tatu. Hiyo ni kalenda inayopumua. Lakini bloku iliyomiminwa Aprili haiwezi kuwa ndani ya gari lililotengenezwa Machi, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayobadilisha hilo. Bloku iliyotangulia gari kwa zaidi ya miezi sita nayo inahitaji maelezo yenye ushahidi.

Vifaa vya kubeba si vingi: tochi ndogo yenye mwanga mkali, kioo cha mkono, kitambaa, dawa ya kusafishia breki, sumaku, rula, simu yenye kamera nzuri, na ile kamera ya mrija kwa sehemu zisizofikika. Usibebe brashi ya waya wala msasa. Ukiukwangua uso wenye namba umeharibu ushahidi wenyewe, na mwenye gari atakuwa na haki ya kukukasirikia.

Uso huo, kwenye V8 za Chevrolet, uko mbele ya injini upande wa abiria, mahali bloku inapochomoza kidogo chini ya silinda hedi. Kwenye gari la 1970 alternata mara nyingi inauziba, kwa hiyo kubaliana na mwenye gari mapema kama itasogezwa. Pulizia dawa, futa taratibu, kisha shikilia tochi pembeni kabisa ili mwanga upite ukiwa umelala juu ya chuma. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Mwanga ukilala, utaona mistari myembamba sana iliyonyooka, sambamba, ikielekea mbele na nyuma ya injini. Iliachwa na mashine ya kiwandani iliyosawazisha uso huo, na namba ziligongwa juu yake. Mistari inatakiwa ipite chini ya namba na kuendelea upande wa pili. Uso laini kama kioo, au wenye mikwaruzo ya duara, umesawazishwa tena baada ya kutoka kiwandani.

Kisha tazama namba zenyewe. Kuna makundi mawili. Lile la kiwanda cha injini, kama T0212CRV, liligongwa Tonawanda. Lile la tarakimu za mwisho za chesisi liligongwa kwenye kiwanda cha magari, na mtu mwingine, kwa mihuri mingine. Kwa kawaida hayafanani: moja limezama zaidi, jingine limeinama kidogo, nafasi kati ya tarakimu si ile ile. Ukikuta makundi yote mawili yamepangika vizuri, kina kimoja, mwandiko mmoja, usifurahi. Viwanda vya 1970 vilikuwa na haraka, na haraka hiyo inaonekana kwenye chuma. Ila wapo mafundi wanaoirudisha hata ile mistari, kwa hiyo uso mzuri peke yake haukuruhusu kuacha kalenda na karatasi.

Uso usio na namba kabisa si lazima uwe wizi. Injini nyingi zilisawazishwa juu wakati wa matengenezo ya kawaida, namba zikaenda na chuma. Pia zipo bloku zenye alama ya CE, ambazo Chevrolet walizitoa kubadilisha injini zilizokufa zikiwa ndani ya dhamana. Mimi ningenunua gari la CE lenye risiti zake kabla ya gari lenye namba za kutilia shaka, na ningelala usingizi. Kinachotakiwa ni bei iendane na ukweli.

Kuna injini chache ambazo umbo lake linasaidia. Hemi ya 426 huwezi kuichanganya na 440, kwani plagi zake zinaingia katikati ya vifuniko vya vali, ambavyo ni vipana kupita kawaida. Shida yake ni nyingine: bloku mpya za Hemi ziliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi baada ya magari yenyewe. Bloku ya gari la barabarani la 1966 hadi 1971 inatakiwa iwe na namba ya kalibu 2468330. Kuanzia 1968 tafuta pia tarakimu za mwisho za chesisi, zilizogongwa kulia karibu na ukingo wa sampu, na zile zile kwenye giaboksi. Kibati cha chini ya boneti, kwa gari la 1970 au 1971, kiseme E74, yaani Hemi.

Sumaku ilibebwa kwa ajili ya Camaro ya ZL1 ya 1969. Zilitengenezwa 69, kwa agizo la ofisi kuu lenye namba 9560, na 50 kati yake ziliagizwa na muuzaji mmoja, Fred Gibb wa La Harpe, Illinois. 427 yake ni alumini, hedi na bloku pia, kwa hiyo sumaku haishiki kwenye bloku wala hedi. Ikishika bloku, huenda una agizo 9561, lenye 427 ya chuma, gari zuri sana lakini si hilo. Na isiposhika bado hujamaliza, kwani bloku za alumini ziliuzwa pia peke yake dukani. Rudi kwenye herufi za injini, ambazo kwa ZL1 ni ML au MM, na kwenye tarakimu za chesisi.

Ford za 390 na 428 zinafanana kwa nje kiasi kwamba fundi mwenye uzoefu hathubutu kuapa. Hapo omba ruhusa ya kutoa plagi. Ingiza kijiti kirefu cha mbao, kirefu cha kutosha kisimezwe, zungusha injini polepole kwa spana, na pima tofauti kati ya pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. 390 inatembea milimita 96, 428 inatembea 101. Tundu la plagi limelala kidogo, hivyo rudia kipimo mpaka majibu yatulie. 427 haihitaji kijiti: bloku yake ina boliti zinazoingia kutoka ubavuni, tatu kila upande, na utaziona ukilala chini ya gari.

Ukinunua kutoka mbali, mathalani uko Dubai na gari liko Ohio, picha hazitoshi. Omba video moja isiyokatwa, ianzie namba ya chesisi kwenye dashibodi, ioneshe ribiti zilizoishikilia, iende mpaka kwenye uso wa namba za injini, kisha kwenye tarehe ya kalibu ya bloku. Picha sita nzuri zinaweza kutoka kwenye magari mawili.

Mwisho, namba zote ulizosoma, pamoja na tarehe zake, ziandikwe ndani ya mkataba wa mauzo, na muuzaji atie sahihi chini ya sentensi inayosema kwamba injini hii ndiyo iliyotoka na gari hili kiwandani. Akisita, mjadiliane upya kwa bei ya gari lililobadilishwa injini.