Supu ya pakiti kutoka nje hadi dukani Mtwara: anza na mteja, malizia na meli

Mtu wa Mtwara anayetaka supu asubuhi anajua pa kuipata: kwa muuza pweza, au kwa mama lishe mwenye sufuria la makongoro na chapati pembeni. Ukimletea supu ya boksi ichukue nafasi ya bakuli hilo, mzigo utadoda. Inayotoka ni ile inayoingia jikoni kama msingi wa mchuzi, ndizi au wali: hotelini, kwa wanaolisha kambi za wafanyakazi, kwa wapishi wa shughuli, na nyumbani ikiwa pakiti ni ya kupikia mara moja. Ukishajua unamuuzia nani, utajua kama uagize ya maji au ya unga.

Piga hesabu kabla ya kuzungumza bei na kiwanda. Katoni ya maboksi 12 ya lita moja ina kilo 12.5 hadi 13. Kontena la futi 20 likiingia katoni 1,600 limeshapita tani 20, na ndani yake mna lita 19,200 ambazo karibu zote ni maji. Kipande cha supu kavu, yaani unga ulioshindiliwa, cha gramu 10 kinachokorogwa kwenye nusu lita kina maana kwamba kilo moja ya unga inatoa lita 50, na tani moja lita 50,000. Ukilipia lori kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, zaidi ya kilomita 550, ukiwa umebeba ya maji, unasafirisha kitu ambacho mpishi anacho bombani. Ya maji iagize kwa oda ya hoteli yenye friji tu, maana boksi likishafunguliwa lazima likae kwenye baridi na liishe ndani ya siku 3 au 4.

Unga nao una adui wake: unyevu wa pwani. Pakiti ya karatasi tupu haifai huku. Omba yenye tabaka la foili, na kabla ya kuagiza nyingi weka sampuli chache ghalani mwako wiki kadhaa. Ibonyeze pakiti kwa vidole. Ikisikika kama mchanga mkavu ni salama. Ukigusa bonge, unyevu umeshapenya, na duka la jumla litakurudishia.

Sasa karatasi. Zianze kabla meli haijapakia, kwa sababu kontena likishafika bandarini kila siku ya kusubiri kibali inalipiwa. Utahitaji TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya kuingiza bidhaa kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ghala lililosajiliwa kuhifadhi chakula. Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula uko TBS, Shirika la Viwango. TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, haipo tena, na TMDA iliyoirithi inashughulika na dawa na vifaa tiba. Anayekwambia akufuatilie kibali cha supu TFDA mwogope. TBS ina ofisi ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara, kwa hiyo maswali ya mwanzo hayakulazimu kupanda basi. Peleka sampuli, lebo na cheti cha maabara cha kiwanda. Ya kuku na ya ng'ombe zihesabu kuwa bidhaa mbili.

Supu yenye nyama, mifupa au mafuta ya mnyama inapita pia Wizara ya Mifugo na Uvuvi kwa kibali cha kuingiza mazao ya mifugo, nayo inataka cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali ya nchi inakotoka. Ya mboga tupu inakuepusha na mlango huo, na kwa anayeanza ni njia nzuri ya kujifunza. Usisahau kipimo cha mionzi cha Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC). Wengi hukikumbuka wakala wa forodha anapopiga simu.

Kwenye forodha, supu na mchanganyiko wa kuitengeneza viko fungu la ushuru 2104.10, vipande vya kukoroga vikiwemo. Sosi na viungo mchanganyiko ni 2103. Dondoo la nyama ni 1603. Kosa la kawaida ni ankara kusema «seasoning», cheti kusema «bouillon», na lebo kusema «soup base». Hapo mzigo mmoja una majina matatu na afisa ana haki ya kuuliza. Chagua jina moja na kiwanda kilitumie kila mahali. VAT ya 18% inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, si juu ya ankara peke yake.

Lebo ndiyo inayokwamisha mizigo mingi. Iwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Pakiti za Kireno tupu zinazovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji haziwi halali kwa kuwa zimeshazoeleka Masasi. Ziwepo jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi (Wakala wa Vipimo hupima), kiwanda na nchi, namba ya toleo (ya mkupuo uliotengenezwa pamoja), tarehe za kutengenezwa na kuisha, na namna ya kukoroga. Maelekezo ya kukoroga si pambo: kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex CXS 117, kinaweka chumvi isizidi gramu 12.5 kwa lita iliyo tayari kunywewa, na kiasi cha maji ulichoandika ndicho kinachoamua kama umevuka. Futa maneno kama «inatibu viungo». Chakula hakiruhusiwi kujitangaza kuwa dawa.

Pwani hii bila halali hufiki mbali. Soma viambato mwenyewe: «gelatin» isiyotajwa mnyama wake ni swali utakaloulizwa dukani, kwa hiyo pata cheti cha halali kabla ya kulipa.

Mzigo ukishuka, panga juu ya chaga, mbali na ukuta na bati. Boksi au kopo lililovimba usilionje wala usiliuze kwa bei ya chini: supu haina asidi ya kuzuia bakteria, na kuvimba ni dalili kwamba kitu kinaota ndani.

Kwa rejareja, lenga malipo ya korosho, kuanzia Oktoba na kuendelea, kisha Ramadhani. Ila shusha akiba kabla ya mvua kukolea. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa na magari yakakwama. Andika kwenye kila risiti namba ya toleo uliloliuza. Toleo likipatikana na kasoro, utajua ni maduka gani ya Newala, Nachingwea au Ruangwa ya kupigia simu siku hiyohiyo.