Kucheza Quake III Arena ya diski kwenye Linux

Kama bado una boksi la Quake III Arena ulilonunua dukani, usianze kuhangaika na Wine, ile programu ya kuendesha programu za Windows kwenye Linux. Mchezo ulitoka 1999, na mwaka 2005 watengenezaji wake, id Software, wakaachia msimbo wake kwa GPL, leseni ya programu huria. Ndiyo maana injini, yaani programu inayoendesha mchezo, unaipata bure: inaitwa ioquake3. Ramani, sauti na picha hazikuachiwa. Hizo ndizo ulizolipia, na karibu zote zimo ndani ya faili moja, pak0.pk3.

Hatua ya 1. Natumia Debian. Hakikisha sehemu ya contrib (programu huria zinazotegemea vitu visivyo huria) imewashwa kwenye orodha ya hazina za programu, kisha:

sudo apt update
sudo apt install quake3 game-data-packager

Hatua ya 2. Weka diski, fungua yaliyomo, halafu itafute faili:

find /media/$USER -iname pak0.pk3

Inakili kwenye folda mpya, mfano ~/q3, kisha pima kwa ls -l. Ukubwa wake ni baiti 479493658. Ikipungua hata kidogo, nakala haijakamilika.

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilikwama: diski yangu ilikuwa na mikwaruzo, ikagoma katikati. Ifute kwa kitambaa laini, ukivuta kutoka katikati kuelekea ukingoni, usizungushe. Ikiendelea kugoma, sakinisha kifurushi cha gddrescue, chenye amri ya ddrescue ya kuokoa data, uivute diski nzima:

ddrescue -b 2048 -r 3 /dev/sr0 q3.iso q3.map

Ni kazi ya subira. Usiikatize kwa haraka. Na hata ikikatika, rudia amri hiyohiyo, itaendelea ilipoishia kwa sababu ya ile q3.map. Ikimaliza, ipachike ile q3.iso ili isomeke kama diski:

sudo mount -o loop,ro q3.iso /mnt

Kisha chukua pak0.pk3 kutoka humo /mnt, uiweke kwenye ~/q3.

Hatua ya 3. Ukiwa na intaneti:

game-data-packager -i quake3 ~/q3

Programu hii inalikagua faili lako, inapakua marekebisho ya toleo la 1.32 (pak1 hadi pak8), inatengeneza kifurushi na kukisakinisha. Itakuomba nywila.

Hatua ya 4. Andika:

quake3 +set r_mode -2

Hiyo -2 inaufanya mchezo ufuate ukubwa wa skrini yako. Bila hiyo unaweza kupata picha ndogo ya enzi zile. Ile namba ya siri iliyo kwenye boksi huihitaji ukicheza peke yako dhidi ya roboti.

Faili la pak0.pk3 lihifadhi pia kwenye diski ya nje. Mikwaruzo haipungui.