Baba aliposoma "Kisu": pima upeo wa macho kwa kidole

Tulikuwa steji ya Maseno, Baba akaniuliza, "Hii gari ya Kisu inaenda wapi?" Ubavuni mwa matatu paliandikwa Kisumu. Akashikilia kwamba jicho la kulia limechoka. Tukakimbilia miwani, na miwani hiyo iko kabatini hadi leo. Wewe anza na kidole.

Wewe na mzee wako mketi mkitazamana, magoti karibu yagusane. Azibe jicho la kushoto kwa kiganja, nawe uzibe lako la kulia, kisha akazie macho pua yako. Hapa ndipo wazee huiba: kidole kikicheza, jicho hukifuata. Akiiba, rudia. Lete kidole kutoka pembeni, katikati yenu, juu na chini, kushoto na kulia, aseme kinapotokea. Kipimo ni wewe: ukikiona naye bado, hapo pana pengo. Kisha jicho la pili.

Pengo likiwa kwa jicho moja tu, kasoro iko jichoni au kwenye mshipa wake wa fahamu. Zikipotea pande za masikioni kwa macho yote mawili, shuku pale mishipa hiyo inapokutana. Mara nyingi huwa imebanwa na uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo. Baba alikosa upande wa kulia kwa kila jicho. Daktari alinichorea nyuma ya risiti: nyuzi za upande wa pua huvuka, kwa hiyo ubongo wa kushoto ndio unaopokea kila kilicho kulia kwetu. Kiharusi kilimpiga kisogoni, kushoto. Mkono na mdomo vilikuwa sawa, ndiyo maana hatukushtuka.

Pengo likija ghafla, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.

Kusoma gazeti, msimamishie rula mwisho wa mstari. Asigeuze ukurasa wala kushuka mstari kabla jicho halijaifikia. Chai iwekwe kushoto. Njiani natembea kulia kwake. Kuvuka barabara ndiko kugumu, kwa sababu kwetu gari la kwanza hutokea kulia, upande uleule uliopotea. Nimemzoeza kugeuza shingo hadi kidevu kikaribie bega ndipo anyanyue mguu. Baiskeli nimeifunga kufuli. Amenuna wiki ya pili sasa, na ufunguo anajua ninao mimi.