Maji ya kisima Lubumbashi: chumvi huoshwa na mvua, shaba hubaki

Kiangazi kikishika huku Lubumbashi, kuanzia Mei hadi Oktoba, lengalenga (mchicha) na kabichi hunywa maji ya mto au ya kisima. Wengi huamini kisima zaidi kwa sababu maji yake ni maangavu. Lakini jicho halioni kilichoyeyuka ndani ya maji, na hicho ndicho kinachobaki kwenye udongo maji yakishakauka.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo inayotajwa zaidi vitabuni. Maji yenye desisimensi 0.7 kwa mita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho huonyesha wingi wa chumvi) hubeba takriban gramu 0.45 za chumvi kwa lita. Tuta la mita 10 za mraba likinyweshwa lita 50 kila siku kwa miezi minne, hupokea karibu kilo 2.7 za chumvi. Katika nchi kame hapo mkulima angeanza kuhama. Kwetu mvua huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, nayo husukuma sehemu kubwa ya chumvi hiyo chini ya mizizi, mradi tuta halituamishi maji. Usikeshe kwa sababu ya chumvi.

Chokaa iliyo ndani ya maji ni habari nyingine. Sehemu nyingi za Katanga zina miamba ya dolomia, na maji yanayopita humo hutoka magumu: sabuni haitoi povu vizuri, birika huota ukoko mweupe, na majani yaliyonyunyiziwa hubaki na madoa meupe. Ukitumia mipira ya matone, matundu yataziba. Hata hivyo udongo wetu mwekundu kwa asili una uchachu (asidi), kwa hiyo maji hayo huupunguzia uchachu kidogo kidogo bila malipo. Mimi nisingeyakataa, ila ningemwagia chini ya mmea, si juu ya majani.

Kinachostahili hofu ni shaba, kobalti na kadimiamu. Tangu 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kilimwaga moshi mjini, na upepo ukaupeleka zaidi kaskazini-magharibi, upande wa mtaa wa Penga Penga. Maji machafu ya migodi na viwanda nayo huingia mitoni, na kisima kilichochimbwa kando ya mto hushiriki maji yake. Mvua haiyaondoi madini haya kama inavyoondoa chumvi. Hushikana na tabaka la juu la udongo, palepale mizizi ya mboga inapokula, na kila msimu huongezea ule uliopita. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, hupendekeza maji ya kumwagilia yasizidi miligramu 0.2 za shaba kwa lita, 0.05 za kobalti na 0.01 za kadimiamu. Kuchemsha hakusaidii. Kuyaacha yatulie hushusha tope na madini yaliyoshikana nalo, lakini yaliyoyeyuka hubaki.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua motopompu. Chukua maji mwishoni mwa kiangazi, kisima kikiwa chini kabisa. Vuta maji kwa muda kwanza, suuza chupa safi ya plastiki mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze hadi juu, iweke penye ubaridi na uifikishe maabara siku hiyohiyo. Peleka na udongo wa sentimita 20 za juu. Ulizia Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Madini yakionekana kwenye udongo, lenga pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ya 6.5, maana uchachu ndio unaoyafungulia njia ya kuingia kwenye mizizi. Gramu 200 za chokaa ya kilimo kwa mita ya mraba ni kiasi cha kuanzia. Ichanganye na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Kisha badilisha zao. Mboga za majani hukusanya madini kuliko mazao ya tunda au punje, kwa hiyo sehemu yenye shaka ipewe nyanya, bilinganya au mahindi, na lengalenga ihamie penye udongo safi. Kuosha majani kabla ya kuuza huondoa vumbi tu. Kilichopandishwa na mizizi kiko ndani ya jani, na kitaingia sufuriani pamoja nalo.

Na ukikuta kijimea cha ukoo wa mrehani, Haumaniastrum katangense, kimejaa mahali ambapo majani mengine yamekataa kuota, usilime bustani hapo. Wachunguzi wa madini hukitumia kama alama ya shaba.